Mwalimu Aliyelala Kabla ya Watoto

Kama kuna kitu Mwalimu Kengele alikuwa hakipendi hapa duniani, basi ni mtu wa kulalalala. Akimkuta mlinzi wa duka anasinzia kitini, atasimama, atakohoa, na mlinzi akifumbua macho atamwambia, "Baba, umekuja kulinda au umekuja kulindwa?" Akimkuta shemeji yake kajinyoosha sebuleni mchana, ataburuta meza makusudi. Jina lenyewe la Kengele alipewa na wazazi wa shule kwa ajili ya sauti yake, maana akiita "Wanangu, mstari!" hata watu wa mtaa wa pili wanajipanga. Ndiyo maana nasema nyani haoni kundule. Mwanamke huyohuyo, kwa zaidi ya mwaka mzima, alikuwa analala kazini.

Tena msidhani ni kusinzia kidogo. Analala, usingizi wa pono.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Ilikuwa shule ya chekechea, nyumba ya kupanga iliyopakwa rangi ya njano, vyumba viwili, jiko nyuma, uwanja wa mchanga mbele na geti la bati. Watoto wakishakula walitandikiwa mikeka, wakalazwa, mapazia yakashushwa. Saa hiyo mwalimu anakaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango, anawaangalia. Kazi nyepesi, utasema. Kwa Mwalimu Kengele ilikuwa mtihani wa kila siku. Joto la chumba, pumzi za watoto, kigiza kile cha pazia, basi kope zinakuwa nzito, shingo inalegea, kidevu kinagusa kifua. Alijaribu kila hila. Alitafuna tangawizi mbichi. Alijifinya mapaja mpaka akabaki na alama. Alileta kazi ya kufuma, na sindano ikamchoma kidole akiwa hata hajui. Watoto hawajalala hata mmoja, mwalimu amekwishafika mbali.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, yeye aliyekuwa akiwakoholea walinzi? Alijiambia ni umri, ni mwili, maana tangu siku zake zikome alikuwa amejaa na shingo imenenepa. Asubuhi aliamka kichwa kinagonga, koo kavu, amechoka kuliko alivyokwenda kulala. Alianza kusahau majina ya watoto, akawa anawaita wote "mpenzi." Wazazi wakasema, jamani, huyu mwalimu ana upendo!

Nyumbani mume wake, fundi wa baiskeli, mtu wa utani, alikuwa akimwambia, "Mama, jana trekta limelima mpaka alfajiri." Yeye hakucheka. Mwanamume akikoroma watu hucheka, mwanamke akikoroma watu hunong'ona, na Mwalimu Kengele alikuwa anaogopa minong'ono kuliko nyoka. Akamkataza mumewe asilitaje neno hilo mbele ya watu, hata mbele ya watoto wao wakubwa. Mume akanyamaza. Baada ya muda akahamia kwenye kochi la sebuleni, akasema mgongo unamsumbua, na wote wawili wakajitia hamnazo.

Shuleni alikuwepo mpishi, mwanamke aliyemzidi Mwalimu miaka michache, ambaye watoto walimwita Shangazi na wakubwa wakafuata. Mfupi, mchangamfu, mikono mipana. Kosa lake moja, kwa maoni ya Mwalimu, lilikuwa kudondosha vitu. Watoto wakishalala tu, mfuniko wa sufuria unaanguka jikoni, mbwangaa! Mwalimu anashtuka, anajiweka sawa, anafuta udenda kwa ukingo wa kanga, na mkuu wa shule naye huyo anachungulia mlangoni.

"Dada, hiyo mikono umeipaka nini?" alimgombeza siku moja. "Watoto wamelala!"

"Nisamehe, Mwalimu," Shangazi akajibu akicheka. "Vidole vimezeeka."

Sasa siku ya balaa alikuja mleta gesi. Shangazi akamfungulia geti, akaongozana naye mpaka jikoni atoe mtungi mtupu aweke uliojaa. Utaratibu wa shule ulijulikana: geti likiwa wazi kwa ajili ya mzigo, mwenye darasa habanduki mlangoni. Na kweli Mwalimu hakubanduka. Alikuwa palepale kitini, mdomo wazi. Mtoto mmoja, msichana wa miaka mitano waliyemwita Kijino kwa sababu jino lake la mbele ling'oka mapema, alimruka miguu akaenda zake. Alikuja kuonekana ng'ambo ya barabara, barabara ya malori hiyo, amechuchumaa mbele ya kibanda cha kinyozi anaangalia watu wanavyonyolewa. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemrudisha, kamshika mkono, kitambaa cha kazi bado kiko begani.

Mkuu wa shule alikuwa mama mwembamba asiyepandisha sauti hata akiwa na hasira. Akawaita wote wawili ofisini, akafunga mlango.

"Mtoto katokaje?"

"Geti nimefungua mimi, Mkuu, kwa ajili ya gesi," Shangazi akasema. "Mwalimu alikuwa chumbani na watoto." Kisha akamgeukia Mwalimu Kengele, akamtazama usoni, akangoja.

Na Mwalimu akasema nini? Kaeni mnisikilize, maana mpaka leo linaniudhi. Alisema, "Mimi nilikuwa nawatazama mmoja mmoja. Nimeinama kumfunga mtoto kamba ya kiatu, kufumba na kufumbua yule katoka. Lakini geti nalo, Mkuu, haliachwi hivyo."

Kamba ya kiatu! Watoto wako kwenye mikeka, viatu vyote vimepangwa nje barazani! Hata mjinga angeuliza. Lakini mkuu alikuwa na hofu, wazazi walikuwa karibu kufika kuchukua watoto wao, na mtu mwenye hofu huokota jibu la kwanza analoliona. Akamtazama Shangazi. Shangazi hakufungua mdomo. Alivua aproni, akaikunja vizuri kama anayekwenda kuihifadhi kabatini, akaiweka juu ya meza.

"Anayechezea usalama wa watoto na anayenidanganya kuhusu watoto, wote hawana nafasi hapa," mkuu alisema. "Awe mpishi, awe mwalimu, awe mimi."

Jioni ile wazazi waliambiwa getini kwamba mpishi alizembea na keshaondolewa. Mwalimu Kengele alikuwa amesimama hapohapo, anawavalisha watoto mabegi, anasikia kila neno.

Tangu siku hiyo akawa hali chakula cha shule. Mpishi mpya alipika vizuri tu, lakini kila kijiko kilimkaa kooni. Alisema ana gesi tumboni. Na usingizi wenyewe haukumwonea huruma hata kidogo. Ulikuja vilevile, tena sasa jikoni kulikuwa kimya, na mara mbili mkuu alimkuta kichwa kimeinama. Mara zote mbili akasema alikuwa anasali. Tazameni mtu anavyozama, hata Mungu akaingizwa.

Zikapita wiki kadhaa. Mchana mmoja mama yake Kijino akaja kumchukua mwanawe mapema, akaomba aongee na Mwalimu pembeni. Alikuwa muuguzi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Za mwizi arobaini, Mwalimu akajisemea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tatizo?"

"Nina jambo, ila usinielewe vibaya. Kijino ana mchezo anaocheza nyumbani na binamu zake. Unaitwa Mwalimu Kafa."

Mwalimu akataka kucheka, kicheko kikagoma.

Yule muuguzi akaeleza. Mmoja anakaa kwenye kigoda, anainamisha kichwa, anakoroma, krrr, krrr. Mara ananyamaza kabisa, kifua hakiendi. Wenzake wanaanza kumhesabia kwa kunong'ona: moja, mbili, tatu. Wanahesabu mpaka yule wa kwenye kigoda anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, haaah! Hapo wote wanashangilia kwamba Mwalimu karudi. Anayenyamaza muda mrefu kuliko wote ndiye mshindi.

"Nikamuuliza, mchezo huu nani kawafundisha? Akaniambia, Mwalimu mwenyewe. Eti wanajifanya wamelala, wanakuhesabia. Akaniambia, 'Mama, siku nyingine namba zinatuishia.'"

Watoto wale walijua kuhesabu mpaka ishirini. Aliyewafundisha ni yeye, kwa wimbo, kwa vidole, kwa vijiti vya kiberiti.

Mwalimu Kengele aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Masikio yalimwaka moto. Darasa zima, watoto ambao bado wanakojoa kitandani, walikuwa wanalijua jambo alilodhani kalifukia. Walilala pale mikekani, macho yamefumbwa nusu, wanamtazama mtu mzima mdomo wazi, udenda unashuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kile kiti chake kifupi.

"Watoto hao!" alisema. "Watundu! Mimi najifanya nimelala ili na wao walale. Ni mbinu."

"Mwalimu." Muuguzi aliteremsha sauti. "Mbinu haikati pumzi. Hebu niambie, asubuhi kichwa kinakuuma?"

Mwalimu akajishika paji la uso.

"Usiku unaamka kwenda haja ndogo mara kwa mara? Koo linakauka? Unasahausahau?"

Akaangalia viatu vyeupe vya yule dada, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Sikuja kukushtaki. Wodini kwetu nimewaona wenye shida hii. Wengine nimewaona wakiletwa mkono mmoja umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande, kwa sababu walikaa nayo miaka wakidhani ni uvivu. Ni ugonjwa, Mwalimu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kliniki ya koo na kifua. Mkuu nimwambie mimi?"

"Hapana!" akasema haraka. "Nitamwambia mwenyewe."

Nyumbani alimkuta mume wake anaziba pancha uani. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamuuliza bila kumtazama, "Baba watoto, mimi nikilala huwa nanyamaza?"

Mume akaweka chini gurudumu. "Unanyamaza," alisema. "Nikiwa kochini nasikiliza. Ukikoroma nashukuru Mungu. Ukinyamaza nakuja mlangoni. Mara ngapi nimekutikisa bega, wewe ukanifokea kwamba nakunyima usingizi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kwa utani, ukakasirika. Nikasema nikikuambia kwa kweli, si ndio utanifukuza?" Akafuta mikono kwenye kitambaa cha grisi. "Mgongo wangu mzima, mama. Ninalala kule kwa sababu siwezi kulala karibu na kitu kile. Naogopa."

Walikwenda kliniki pamoja. Daktari alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wao, lakini alikuwa na adabu. Alimpima presha, akaikuta juu. Akampima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Akampa kifaa cha kwenda kulala nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, kibanio cha kidole, na kimrija kidogo chini ya pua. Waliporudi na kifaa, alisoma majibu kwenye kompyuta yake, akageuza kiti.

"Mama umewahi kunywa soda kwa mrija laini? Ukivuta kwa nguvu, kuta zake zinashikana, hakipiti kitu. Koo lako linafanya hivyo. Ukilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Damu ikipungukiwa hewa, ubongo unakushtua, koo linafunguka, unalala tena. Wewe hukumbuki. Kwako inatokea zaidi ya mara thelathini kwa saa moja."

"Kwa hiyo mimi silali?"

"Mama yangu, una miaka hujalala. Unafumba macho tu."

Hapo Mwalimu Kengele akalia. Alilia mbele ya kijana wa watu kwa kwikwi, mume akimpapasa mgongo na mkono wenye harufu ya grisi. Alikuwa amejiita mvivu, mzembe, mzee, mnene, majina yote, na kumbe lilikuwepo jina jingine.

Daktari akamweleza la kufanya. Kuna mashine ndogo ya kuweka kando ya kitanda, inasukuma hewa kwa mpira mpaka kwenye barakoa ya puani, na hiyo hewa ndiyo inayolizuia koo lisijikunje. Haiponyi, inasaidia kila usiku inapovaliwa, usiku isipovaliwa haisaidii. Alale ubavu, asilale chali. Atembee, apunguze mwili taratibu. Zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, alizokuwa anazimeza akidhani zitampa usingizi mzuri, aache. Presha yake iangaliwe.

Msidhani ilikuwa rahisi. Usiku wa kwanza alivaa barakoa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaona mdudu. Mume akasema, "Rubani, tunaruka saa ngapi?" Akaivua, akaitupa mguuni mwa kitanda. Usiku wa pili hewa ilivuja ikampuliza machoni. Wa tatu aliamka imeshamtoka hajui saa ngapi. Alikuwa tayari kuirudisha kliniki na maneno makali, lakini kule walimbadilishia ukubwa, wakamwonyesha kukaza mikanda bila kujinyonga, wakamwambia aizoee kwanza mchana akiwa amekaa anasikiliza redio. Mume akamshonea mto wa kuweka mgongoni ili asigeuke chali. Alifunga mashine mwenyewe kwa mikono ile ya baiskeli, akaijaza maji safi ya kulainisha hewa, akarudi kitandani kwake. Ule mgongo wa kusingiziwa ukapona siku hiyohiyo.

Halafu ikaja asubuhi moja akaamka na kichwa hakigongi. Alikaa kitandani akakisubiri kianze. Hakikuanza. Shuleni, mchana, mapazia yakashushwa, watoto wakalazwa, na yeye akakaa kwenye kiti chake kifupi macho makavu, anawaona mmoja mmoja. Kijino alikuwa kafumba jicho moja, anamchungulia kwa lile jingine, anangoja mchezo. Baadaye akachoka kungoja, akalala kweli.

Ungesema sasa atafurahi. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini ule usingizi ulikuwa umemfunika mambo mengi, na ulipomtoka, aibu nayo ikaamka. Zamani akikumbuka ofisi ya mkuu, aliikumbuka kama ndoto, ukungu mtupu. Sasa aliona kila kitu: aproni inakunjwa, Shangazi anamtazama, anangoja. Alimwona asubuhi, akamwona mchana, akamwona akinawisha watoto mikono.

Kwa mkuu alikwenda, ndiyo. Alimwambia anaumwa, akamweleza ugonjwa, akamwonyesha karatasi ya daktari. Alisema "wakati mwingine nilikuwa nasinzia." Siku ile ya geti hakuitaja. Mkuu naye hakuunganisha, au hakutaka kuunganisha. Alimkumbatia, akasema pole sana Mwalimu, kumbe ulikuwa unateseka kimya. Kisha akaja na wazo: mkutano wa wazazi umekaribia, mama yake Kijino anasema shida hii wanayo wengi hawaijui, kwa nini Mwalimu asisimame awaeleze? "Ujasiri kama wako ni nadra," alisema mkuu. Mwalimu akavishwa kilemba cha ukoka, na akakivaa, na kikamkaa kichwani kama mawe.

Jumamosi kabla ya mkutano akaenda kumtafuta Shangazi. Alimkuta kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya wageni, anafua mashuka. Mabeseni yamepangwa, mapovu mpaka viwikoni, vidole vimekunjamana kwa maji. Shangazi alimwona, hakuacha kusugua.

"Karibu, Mwalimu. Pa kukaa hapa hakuna."

"Dada, nimekuja kukuomba radhi." Akaeleza yote kwa pumzi moja: koo, mashine, mara thelathini kwa saa, siyo uvivu, ugonjwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye sementi yenye maji, kanga inalowa.

"Inuka, utateleza," Shangazi akasema. Akakamua shuka, akalirusha kwenye kamba. "Kwamba ulikuwa unalala ndiyo umekuja kuniambia leo? Mimi? Unadhani ile mifuniko ilikuwa inaanguka yenyewe?"

Mwalimu akashika ukingo wa beseni.

"Kila nikimwona mkuu anatoka ofisini kuja kwenu, nadondosha mfuniko. Mwaka mzima. Nimebonyeza sufuria za watu kwa ajili yako. Ukanigombeza nina mikono ya mafuta, nikacheka, nikasema amechoka huyu, ana lake. Kwamba una ugonjwa nilijua kabla ya daktari wako. Usingizi nilikusamehe zamani, Mwalimu."

"Mbona hukusema? Siku ile ofisini, mbona hukusema nimelala?"

"Ningekusema nyuma ya mgongo wako mwaka mzima kama ningetaka kukusema. Nilikutazama ili useme mwenyewe. Ungesema, 'Mkuu, nilipitiwa.' Basi. Tungegombezwa wote wawili, tungerudi kazini." Akachukua shuka jingine. "Ukatoa kamba ya kiatu."

Mwalimu alisema tu, "Nisamehe, dada yangu. Hata kama ni hapa, sisi wawili."

Shangazi akasimama wima, akajifuta mikono kwenye gauni. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu zaidi.

"Hukunichafua tukiwa wawili. Mimi nikipita mtaani kwangu akina mama wanavuta watoto wao. Wanasema huyu ndiye aliyemwacha mtoto aende kwenye malori. Ulinichafua mbele ya watu, utanisafisha mbele ya beseni? Hapana, mama."

"Njoo kwenye mkutano basi. Nitasema."

"Siji. Uongo niliusikia mtaani. Ukisema kweli, nitaisikia hukohuko."

Mkutano ulifanyika kwenye chumba kikubwa cha darasa. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani, wengine wamesimama ukutani chini ya picha za rangi. Mume wa Mwalimu alisimama karibu na mlango, kavaa shati la kutokea. Mkuu akamtambulisha Mwalimu kwa maneno matamu. Mwalimu akasimama mbele, na ile sauti yake ya kengele ilitoka ndogo kama ya mgonjwa.

Alieleza. Akasema kuhusu mrija laini, kuhusu kichwa cha asubuhi, kuhusu watu wanaosinzia vibarazani ambao sisi tunawakoholea na kuwacheka. Akasema, mwenzako akikoroma kisha akanyamaza, usishukuru kwa ukimya, mwamshe, kesho mpeleke kliniki. Akasema anavaa barakoa kila usiku na mume wake anamwita rubani. Watu wakacheka. Baba mmoja mnene akauliza mashine inapatikana wapi, mkewe akampiga kiwiko, wakacheka zaidi. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakaitikia, chumba kizima kikapiga. Mkuu alikuwa anatabasamu.

Kiti chake kilikuwa nyuma yake. Alichotakiwa ni kukaa tu, makofi yangemaliza kazi. Na sitaficha, alitaka sana kukaa. Akisema lililobaki, angepoteza mshahara, jina, watoto wale, na kile kiti kifupi karibu na mlango, na alikuwa ndiyo kwanza amepata uwezo wa kukikalia macho yamefunguka.

"Sijamaliza," alisema.

Makofi yakapungua moja moja.

"Siku Kijino alipotoka, mimi ndiye niliyekuwa zamu mlangoni. Nilikuwa nimelala. Hakukuwa na kamba ya kiatu. Shangazi alifungua geti kwa utaratibu, kwa ajili ya gesi, na kosa halikuwa lake. Mkuu aliponiuliza, nilidanganya. Yeye akafukuzwa, mimi nikabaki hapa nawavalisha wanenu mabegi."

Kiti kimoja kidogo kililia, mtu kajigeuza. Tabasamu la mkuu lilikuwa limebaki mdomoni tu, macho hayakuwemo tena. Mumewe aliangalia chini. Jambo hilo hata yeye alikuwa hajaambiwa.

Mama yake Kijino akainuka taratibu. Alikuwa na huruma yule dada, huruma ya kweli, na chumba kizima kikamgeukia kama watu wanaotafuta mlango.

"Mwalimu, ngoja," alisema. "Usijihukumu sana. Mimi ndiye mama wa mtoto, na ugonjwa huu naujua. Mtu akikurupuka kutoka kwenye usingizi wa namna ile, kichwa kinakuwa na ukungu. Anaweza akasema neno lisilo sahihi bila kujua analosema. Nadhani hata siku ile ilikuwa hivyo. Ni ugonjwa uliosema, siyo wewe."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo, ndiyo, wakanong'ona, ni ugonjwa. Mkuu naye akashusha pumzi, akamtazama Mwalimu kwa matumaini, na kila mtu mle ndani alikuwa anangoja neno moja tu, ndiyo, ili waende nyumbani kwao.

"Ahsante, mwanangu," Mwalimu Kengele alisema. "Mwanao alipotoka nilikuwa nimelala, na hilo ni la ugonjwa. Lakini nilipomsingizia Shangazi, nilikuwa macho."